Gavrila Aomba Mabamba Yake

Gavrila Hotea amekuwa jirani yangu kwa miaka arobaini na mitatu, na katika muda wote huo sijamsikia akisema hapana. Ukimwomba msumeno, atakupa pamoja na mafuta ya kuupaka. Ukimwomba akupeleke mjini kung'oa jino, atakupeleka, atakungoja nje, na wakati wa kurudi atakusimulia habari za meno yake yote ili usijione una balaa peke yako. Mimi Paraschiva siko hivyo. Nikiombwa kitu huuliza kwanza kitarudi lini. Nasema mapema ili ujue ni nani anayekusimulia, maana katika kisa hiki sikutenda vizuri.

Gari lake ni Aro, jipu kuukuu la Kiromania, la kijani, kijani kilichofuliwa na mvua mpaka kikafanana na supu ya mboga iliyolala. Alilinunua mwaka 1991, idara ya misitu ilipokuwa ikiuza magari yake, naye alikuwa ameliendesha kwa miaka sita. Todosia mkewe husema mumewe alifunga ndoa mara mbili, na ile ya pili, ya gari, ndiyo aliyoingia akiwa na akili timamu. Gari hilo limebeba mabwana harusi, limebeba magogo, limebeba ng'ombe mmoja mgonjwa, na mtoto wangu wa pili nusura azaliwe ndani yake pale mtoni, tukienda mjini. Gavrila alikuwa akiimba ili nisiogope. Anaimba vibaya, na kwa kweli nilisahau uchungu.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya siku moja kwa mwaka. Kila Mei, kijiji chetu cha Poienita hukusanya kondoo wote zizini, kila mwenye kondoo anakamua wake mwenyewe, na maziwa yanapimwa kwa kijiti chenye alama. Ukipimiwa alama nne, jibini yako ya majira yote ya joto ni ya alama nne, na kama kondoo wako siku hiyo wamegoma, shauri yako. Jioni kondoo wanapanda mlimani kwa miguu, na sufuria la shaba la kutengenezea jibini linapanda kwa gari, pamoja na magunia ya chumvi, unga wa ugali na godoro la mzee Pamfil, mtengeneza jibini. Sufuria hilo lina umri mkubwa kuliko sisi wote. Anayelipandisha hukaa mkono wa kulia wa Pamfil usiku ule na kukatiwa jibini ya kwanza. Gavrila alikuwa amelipandisha kwa miaka thelathini na mmoja, na halijapata hata kovu.

Majira ya baridi yaliyopita, springi ya nyuma upande wa kushoto, yenye mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, ikavunjika bamba kuu. Ya kulia haikuvunjika, ila ilikuwa imechoka ikanyooka kama rula. Gari likawa linatembea limekalia matako. Mihoc, ambaye mdomo wake haujui Jumapili, alikuwa akimwuliza mbele ya watu dukani kama gari linataka kutaga. Gavrila alicheka pamoja nao. Hata hivyo niliona kwamba siku hizi analiegesha nyuma ya ghala, si barabarani.

Binti yake anayefanya kazi Italia akamwagizia springi mpya kwa simu. Zingefika kwa basi Jumatano, na siku ya kupima maziwa ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Gavrila akaona asipoteze muda. Jumatatu asubuhi akalipiga jeki, akaweka visiki vya mti chini ya chasisi, akavua magurudumu, akaanza kufungua springi kuukuu. Yubolti, zile bolti zilizopinda kama U zinazoshika springi kwenye ekseli, zilikuwa zimeshikwa na kutu hata dizeli haikuzilegeza, akazikata kwa msumeno wa chuma, moja baada ya nyingine, akipumzika kula kitunguu na mafuta ya nguruwe. Niliyaona yote kupitia uzio. Hadi jioni mabamba kumi na mawili yalikuwa yamelala kwenye majani, sita ya kila upande, kuanzia refu la urefu wa mtu mzima akikaa mpaka fupi la urefu wa mkono.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu tu. Kwetu chuma cha springi ni dhahabu. Kisu cha kuchinjia nguruwe wa Krismasi kikitoka kwenye springi, mjukuu wako atakirithi. Ndiyo maana gari la mtu likifa, mwenyewe hufungua springi zake na kuwagawia majirani bamba moja moja, kama nguo za marehemu zinavyogawiwa. Gari likiwa hai, hakuna anayegawa. Gavrila anaijua desturi hiyo kama ninavyoijua mimi. Lakini watu walikuwa wamesimama kwenye uzio wakitazama chuma kile kwa macho ya paka, na yeye, nimeshasema, hana hapana kinywani. Wengine hawakuomba, walisimama tu. Mimi niliomba.

"Kaka Gavrila, hilo refu la pili utalifanyia nini?"

"Sijafikiria," akasema. "Chukua."

Nikalichukua moja kwa moja hadi kwa Ilies mhunzi. Kufika Jumanne adhuhuri bamba langu lilikuwa limekatwa vipande, na kimoja kimekuwa kisu.

Jumanne hiyohiyo tulikutana dukani, watu saba au wanane wenye kondoo, na kila mmoja ana lake la kusema. Gari la Gavrila liko juu ya visiki, halina magurudumu, halina springi, na springi zenyewe tunazo sisi majumbani. Todosia alikuwa ametuambia kwamba mpya zinakuja kutoka Italia. Lakini kutoka Italia kumeahidiwa mambo mengi katika kijiji hiki. Basi tukaliona gari limekufa, tukasema maskini Gavrila, ameamua kwa heshima, hakutaka kelele. Tukamsifu sana. Kisha tukauliza nani atapandisha sufuria, na wote wakasema Sandu, na wakanituma mimi nikamwambie, kwa kuwa mimi sioni haya.

Sandu ni kijana wa miaka thelathini, amerudi kutoka Ujerumani na pikapu nyeupe mpya. Hana baya lolote. Nilimkuta anaiosha.

"Shangazi Paraschiva, nitafurahi," akasema. "Lakini mzee Gavrila anajua?"

"Anajua," nikasema.

Hakujua. Sikuwa na nia mbaya, nilifikiri nitamwambia jioni, na jioni nikafikiri kesho. Tulimwonea haya, na kwa haya hiyo tukamfanyia jambo ambalo hata adui yake asingemfanyia.

Jumatano basi likaja, na springi zilikuwemo. Wanaume wawili walizishusha wakiguna. Niliziona zinapita mbele ya lango langu. Gavrila alizifunga siku ile na nusu ya kesho yake, akipaka sabuni bushi, zile pete za mpira, ili ziingie, akiimba. Hana rula. Alipima kimo cha gari kwa kijiti kilekile cha maziwa alichoazima kwa Pamfil, kutoka kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa bodi, akahesabu alama kushoto, akahesabu kulia. Sawasawa. Gari likasimama nyuma likiwa limeinuka, kama mtu aliyevaa koti jipya.

Alhamisi mchana akalijaribu. Akapakia magunia manane ya viazi na Todosia juu yake, kwa ridhaa ya Todosia mwenyewe, akaliendesha mpaka kwenye shimo lililo mbele ya kanisa na kurudi. Nyuma likashuka, likashuka tena, ekseli ikagonga mpira wa chasisi. Akainama kutazama, akahesabu. Springi mpya zilikuwa na mabamba manne manne. Aliyeziuza alikuwa ametuma za gari jepesi, lenye turubai. Kwa kubebea abiria zingetosha kabisa, lakini kwa sufuria, chumvi, unga na Pamfil, ambaye si mwembamba, hazikufaa. Zilihitaji kuongezwa mabamba mawili marefu kila upande. Na mabamba marefu alikuwa ameyagawa.

Todosia aliniambia baadaye kwamba alikaa chini kwenye nyasi akacheka. Kisha akavaa kofia, akatoka kwenda kuomba.

Nataka uelewe maana yake. Mtu ambaye kwa umri wa miaka sitini na tisa hajawahi kudai hata jembe lake lililoazimwa, anapita nyumba kwa nyumba kudai zawadi aliyoitoa Jumatatu. Alianza kwa Ilies, kwa kuwa mhunzi huwa hana haraka na chuma chake mwenyewe. Ilies akampa lake papo hapo. La pili alikuwa nalo padri, ambaye alikuwa ameshaligongomea mlangoni mwa kanisa ili watu wakwangue matope ya viatu. Padri akaling'oa kwa nyundo, akasema wiki hii Mungu atavumilia matope. La tatu lilikuwa kwa Mihoc, limekuwa komeo la banda la nguruwe. Mihoc alilitoa, lakini hakumwacha aondoke bure.

"Wengine wanafufuka siku ya tatu," akamwambia. "Gari lako leo ni siku ya nne. Linanuka?"

La nne lilikuwa kwangu.

Alibisha hodi nikiwa nakata kitunguu. Nacho nakikata kwa kitu gani? Kwa kisu cha bamba lake. Akasimama kizingitini, kofia mkononi, akaanza kwa kuulizia kondoo wangu, halafu kuku wangu, halafu goti langu. Macho yake yakafika mezani yakatua pale.

"Kinakata?" akauliza.

"Kinakata."

"Ilies ana mkono mzuri." Akavuta pumzi. "Haidhuru, dada. Nilikuja kuomba bamba, lakini naona limeshapata kazi. Nitatafuta jingine. Jumamosi nataka gari liwe tayari kwa sufuria."

Ningeweza kukaa kimya. Nimekaa kimya mara nyingi maishani na mambo yakajimaliza yenyewe. Lakini alikuwa amesimama pale na mikono yake imejaa kutu na sabuni, na sikuweza.

"Gavrila, sufuria tumempa Sandu."

Hakuelewa kwanza. Nilimwona akirudia maneno yale moyoni.

"Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne nilikuwa chini ya gari," akasema.

"Ndiyo. Ulikuwa umegawa springi. Tukajua limekufa."

Alitazama kisu, akanitazama mimi, na nikaona anaielewa desturi yetu ikimrudi kama mlango uliosukumwa na upepo. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kujibu, ninayo majibu ya kutosha. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba kweli, ukiliangalia hivyo, kosa ni lake. Kisha akaniomba msamaha kwa kunikatiza nikipika. Alipotoka nilikaa na kile kitunguu muda mrefu, na machozi yangu hayakuwa ya kitunguu, ingawa kilisaidia.

Nilidhani ataacha. Ijumaa asubuhi nikasikia nyundo kwa Ilies. Nilikwenda kuchungulia. Ilies alikuwa amechora upinde kwa chaki sakafuni na alikuwa anayarudishia yale mabamba matatu mgongo wake uliopinda, bila moto, maana moto ungeyalainisha. Alilaza bamba juu ya gogo lenye shimo, akapiga, akalisogeza upana wa kidole kimoja, akapiga, kisha akalipima kwenye chaki. Bamba la nne alilipata kwenye springi ya lori la magogo lililoozea nyuma ya karakana yake. Lilikuwa pana mno. Gavrila alikaa na mashine ya kusagia chuma akilipunguza kando tangu asubuhi mpaka saa tisa, cheche zikimtoboa shati.

"Unafanya kwa ajili ya nani sasa?" nikamwuliza. Swali baya, lakini nilitaka kujua.

"Gari limezoea kusimama sawa," akasema, akaendelea kusaga.

Jioni alifunga. Hakukaza bolti za masikio ya springi, pale ncha zake zinaposhikwa na chasisi, mpaka gari liliposhuka jeki likasimama kwa miguu yake lenyewe, kwa sababu bushi ikikazwa gari likiwa hewani hujipinda na kufa mapema. Hilo nilimsikia akimweleza Todosia, ambaye amelisikia mara mia. Wakati ule nilivaa mtandio nikaenda kwa Sandu kumwambia ukweli. Nikafika darajani. Nikarudi. Mdomo wangu wote huu, na ulinisaliti mara moja niliyouhitaji.

Jumamosi maziwa yalipimwa, na mimi nikapimiwa alama tano, na kwa mara ya kwanza sikumbishia mtu yeyote. Kisha tukaenda kwa Pamfil kutoa sufuria. Kwetu linatolewa na watu sita wenye kondoo, watatu kila upande, juu ya miti miwili, na tangu linapoinuka mpaka linapowekwa garini hakuna anayesema neno. Nani alianzisha sijui. Anayesema kabla, maziwa yake yanachacha, ndivyo tulivyoambiwa tukiwa wadogo. Mimi nilikuwa wa mbele upande wa kushoto, Mihoc nyuma yangu. Sufuria ni zito, na miti inakula bega.

Tulipotoka langoni tukayaona magari mawili. Kulia pikapu ya Sandu, nyeupe, imefunguliwa nyuma, ametandika hata blanketi. Kushoto, mbali kidogo, karibu na hori la maji la kunyweshea, Aro. Gavrila alikuwa amemwambia Pamfil kwamba amekuja kubeba chumvi, kama kutakuwa na itakayobaki. Alikuwa amenyoa. Alisimama kando ya gari lake akitazama chini, kama mgeni wa harusi aliyeketi karibu na mlango ili asimsumbue mtu akitoka.

Tulikuwa tunakwenda kulia. Watu wote walijua tunakwenda kulia. Mbele ni mimi, na sufuria hufuata wa mbele.

Nikageuka kushoto.

Niliusikia mti ukilia begani kwa kuwa wenzangu walibaki nyuma nusu hatua. Mihoc akaguna, lakini hakusema neno, hawezi, ana kondoo thelathini. Mwenzangu wa mbele upande wa kulia alinitazama kama aliyepotewa na akili, nikamtazama kama nimtazamavyo mtu anayetaka kunidhulumu sokoni, akageuka. Walionifuata hawakuwa na hiari, sufuria ni moja. Lakini baada ya hatua nne uzito ukawa mwepesi, na nikajua kwamba sasa wanasukuma. Mwenye umri mkubwa kuliko wote kati yetu aliharakisha mpaka akanikanyaga kisigino.

Tukaliingiza. Watu wote, na Sandu mwenyewe akiwa miongoni mwao, wakainama kutazama chini ya gari. Springi zilishuka vidole viwili, zikakaa. Kushoto vidole viwili, kulia vidole viwili. Wakaleta chumvi, zikashuka kidole kimoja zaidi, na ekseli bado ilikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi.

Sasa maneno yaliruhusiwa, nami nikamgeukia Sandu mbele ya watu.

"Nilikudanganya. Gavrila hakujua. Nimekuaibisha na wewe pia."

Masikio ya Sandu yakawa mekundu. Halafu akakunja blanketi lake polepole. "Basi nipeni unga na godoro," akasema. "Na wewe shangazi utapanda na mimi, ili njia nzima nikugombeze vizuri."

Alinigombeza mpaka mto wa tatu wa njia ya mlimani, na nilistahili.

Lakini kabla hatujaondoka, Gavrila alipanda nyuma ya Aro kulifunga sufuria kamba. Alifunga fundo moja, akafungua, akafunga tena, kwa sababu hakuwa anaona vizuri, na aliyafuta macho yake kwa kofia bila kujificha. Nilisubiri aseme jambo kubwa. Mtu yeyote angesema. Angeweza kuniambia asante, au kuniambia mshenzi mkubwa, na yote mawili yangekuwa haki.

"Dada Paraschiva," akasema, "lisukume mbele kidogo. Uzito ukae juu ya ekseli."

Nikasukuma. Nina miaka sitini na sita, nimeolewa mara moja na kufiwa mara moja, na sijawahi kutii amri ya mwanamume kwa furaha kama ile.